Ufanyapo Kazi Ugenini, Mshahara Wako Ukae Wapi?

Na Mwandishi Wetu

Yeyote aliyepata kusafiri katika barabara kuu ya Morogoro anaijua mizani ya Vigwaza. Hapo malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi husimama yakapimwa, na dereva asiyekuwa na hakika ya mzigo wake huipata hakika hiyo hapo hapo. Hapo Vigwaza pia ndipo inapochepuka njia iendayo Kwala, kwenye bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025. Kwa hiyo wakazi wa sehemu hii ya Chalinze, mkoani Pwani, wamezoea kuwaona wageni: madereva wa nchi jirani, wafanyabiashara, na mafundi wa Kituruki waliokuja kujenga reli ya kisasa. Wakati huo huo, kutoka vijiji na miji ya pwani hii hii, vijana wetu wa kike na wa kiume hufunga mizigo kwenda Muscat, Dubai na Doha kutafuta riziki.

Huyu anayekuja na yule anayekwenda wanakabiliwa na swali moja: mshahara wa ugenini ukae wapi? Wengi hulijibu kwa haraka. Huifungua akaunti ya kwanza wanayoonyeshwa na mwajiri, au humpa ndugu fedha zote azitunze. Miaka ikiisha ndipo wanapogundua kwamba jasho lao lilikuwa mikononi mwa watu wengine.

HAPO ZAMANI HATUKUCHAGUA

Si ajabu kwamba jambo hili linatutatiza, kwa kuwa uzoefu wa kuchagua benki si wa siku nyingi kwetu. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki ya kigeni yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Kwa zaidi ya miaka 20 mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyetaka kuweka fedha hakuwa na mengi ya kulinganisha, na mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kujiwekea fedha za kigeni apendavyo. Sheria ya mwaka 1991 ndiyo iliyofungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi, na ile ya mwaka 1992 ikalegeza masharti ya fedha za kigeni. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa, ndipo ikazaliwa NMB.

Leo mabenki ni mengi na kila moja lina matangazo yake. Wingi huo ni neema kwa anayejua kupima. Asiyejua huchukuliwa na tangazo lenye picha nzuri kuliko mengine.

MGENI ALIYE KWETU

Tuanze na mgeni aliyeajiriwa hapa nchini. Huyu anatakiwa awe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi cha Daraja B kutoka Uhamiaji. Kwa kawaida benki itamtaka aonyeshe pasipoti, kibali cha ukaazi na barua ya mwajiri. Karatasi hizo zisipokamilika hana budi kusubiri, wala asikubali kutumia akaunti ya rafiki kwa sababu ya haraka. Fedha zikiingia katika jina la mtu mwingine, mbele ya benki ni mali ya mtu huyo.

Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bidhaa na huduma za humu nchini kutajwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo mgeni anahitaji akaunti ya shilingi kwa ajili ya kodi ya nyumba, chakula na ada za shule. Ikiwa analipwa kwa fedha za nje, au anakusudia kurudi kwao na akiba, yafaa awe pia na akaunti ya fedha za kigeni, asije akabadilisha mara mbili na kupoteza mara mbili.

KIJANA WETU ALIYE UARABUNI

Sasa tumgeukie mtoto wetu aliyekwenda Ghuba. Umoja wa Falme za Kiarabu ulianzisha mwaka 2009 mfumo wa kulinda mishahara, ambao humtaka mwajiri alipe kupitia benki au wakala aliyeidhinishwa, ili serikali iweze kuona kama malipo yamefanyika. Oman nayo ilifuata baadaye. Hata hivyo, wafanyakazi wa majumbani, ambao ndio wengi miongoni mwa mabinti zetu, kwa muda mrefu waliachwa nje ya mifumo hiyo. Ripoti iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch, kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza jinsi baadhi yao walivyonyang'anywa pasipoti, na mishahara yao kucheleweshwa au kutolipwa kabisa.

Msomaji aliangalie jambo hili kwa makini. Binti ambaye mshahara wake "unatunzwa" na mwajiri hana akiba. Ana deni analomdai mtu mwenye nguvu kuliko yeye. Siku atakapotaka kuondoka, mwenye fedha zake ndiye mwenye pasipoti yake. Akaunti iliyo kwa jina lake, hata kama ina fedha kidogo, humpa ushahidi wa tarehe na kiasi alicholipwa, na humpa nauli asiyolazimika kuiomba.

Aelewe pia kwamba kadi ya mshahara haiko sawa na akaunti. Katika nchi za Ghuba wafanyakazi wa kipato cha chini hupewa mara nyingi kadi ambayo mshahara huingizwa humo ili wautoe. Kadi hiyo ni bora kuliko fedha taslimu mkononi mwa mwajiri, lakini kazi yake ni kupitisha fedha tu, si kuziwekea akiba. Na anayefungua akaunti kamili akumbuke kwamba benki inaweza kuisimamisha kibali cha ukaazi kinapokwisha. Fedha zihamishwe na akaunti ifungwe kwa maandishi kabla ya siku ya safari.

MIZANI YENYEWE

Kabla ya kutia saini, mgeni aiweke akaunti katika mizani kwa maswali manne.

Swali la kwanza ni jina. Ni nani mwenye uwezo wa kutoa fedha hizi bila mimi kujua? Jibu lililo salama ni moja: hakuna.

La pili ni gharama. Kuna ada ya mwezi, ada ya kutoa na ada ya kutuma, na kuna gharama iliyojificha katika bei ya kubadilisha fedha. Kwa takwimu za Benki ya Dunia za miaka ya karibuni, kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara hugharimu kwa wastani kama asilimia 8, ingawa mwaka 2015 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tuseme mfanyakazi analipwa rial 80 za Oman, ambazo ni kama dola 208, na kila mwezi anazituma zote kwa gharama hiyo ya asilimia 8. Katika mkataba wa miaka miwili atapoteza karibu dola 400, yaani mshahara wa miezi miwili kasoro kidogo. Basi na aulize swali hili kila mahali: "Nikitoa kiasi hiki, nyumbani zitapokelewa shilingi ngapi?"

La tatu ni sarafu. Rial ya Oman imefungamanishwa na dola kwa kiwango kile kile tangu 1986. Shilingi yetu imepita njia nyingine: mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17 kwa bei rasmi, na mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,500, kisha ikashuka mwishoni mwa mwaka huo. Fedha za matumizi ya karibuni ziwe za shilingi. Akiba ya miaka mingi ifikiriwe kwa uangalifu zaidi.

La nne ni usalama. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga mabenki matano madogo hapa nchini kwa upungufu wa mtaji. Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye amana hadi kikomo fulani, ambacho mwaka 2023 kilipandishwa kutoka shilingi 1,500,000 hadi 7,500,000. Aulize kikomo cha nchi aliyopo, na akiba ikizidi hapo asiiweke yote katika benki moja. Na asiyetaka riba kwa sababu ya dini yake asikae bila akaunti: hapa kwetu Amana Bank ilianza mwaka 2011, na Oman iliruhusu mabenki ya Kiislamu mwaka 2012.

NDUGU NAO

Nimeacha jambo zito liwe la mwisho. Tuseme binti anamtumia kaka yake fedha kila mwezi anunue kiwanja Chalinze. Mama anaugua, paa linavuja, ada ya shule inadaiwa, na kaka, bila nia mbaya, anazitumia. Binti anarudi baada ya miaka minne na kukuta hakuna kiwanja. Hapo undugu huvunjika, ingawa pengine hakuna aliyeiba.

Dawa ni kutenganisha. Kabla ya safari, afungue kwa kitambulisho chake cha taifa akaunti ya nyumbani iliyo kwa jina lake. CRDB na NMB, kwa mfano, zina akaunti maalumu za Watanzania waishio nje. Akiba iende huko, na fedha za matumizi zimfikie mama au kaka kwa njia nyingine, kwa kiasi kilichokubaliwa. Laini ya simu iliyoandikishwa benki aiweke hai, na namba ya siri asimwachie mtu. Hata hivyo, mzazi au mwenzi wa ndoa ajue jina la benki na tawi, kwa sababu mwenye akaunti akifariki familia italazimika kwenda mahakamani kufungua mirathi, na isiyojua pa kuanzia hupoteza haki yake.

Mzazi unayemsindikiza mwanao kiwanja cha ndege, usiulize tu mshahara ni kiasi gani. Muulize pia utaingia wapi, na kwa jina la nani. Kama hana jibu, safari bado haijaiva.