Dawa Iliyoshindwa na Funzo Iliyoliacha

Mtu mzima wa Mkumbi, wilayani Mbinga, aliyelelewa katika miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa klorokwini ilikuwa nini. Anaukumbuka uchungu wake, na mwasho uliowakesha wengi usiku kucha. Hata hivyo watu waliimeza kwa imani. Homa ilipompata mtu, hasa aliyeshuka kutoka milima ya Umatengo kwenda mwambao wa Ziwa Nyasa ambako mbu ni wengi zaidi, klorokwini ndiyo iliyokuwa kimbilio. Kisha zikaja siku ambapo dawa ilimezwa yote, na baada ya muda mfupi homa ikarudi.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi hawezi kutengeneza koleo jipya iwapo hakubali kwamba la zamani limevunjika. Historia ya tiba ya malaria katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyasa ni ushahidi wa jambo hilo.

Klorokwini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani mwaka 1934, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea duniani kote. Ilikuwa rahisi kwa bei na iliponya upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vimelea vilivyoweza kuistahimili viligunduliwa Kusini-mashariki mwa Asia na Amerika ya Kusini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikwisha kuonekana Afrika Mashariki. Hali hiyo huitwa usugu. Wengi hudhani kwamba mwili wa mgonjwa ndio uliozoea dawa, lakini sivyo. Kimelea ndicho kinachokuwa sugu. Dawa inapokuwa pungufu mwilini, vimelea dhaifu hufa na vile vyenye nguvu husalia, huzaana, na kubebwa na mbu hadi kwa mtu mwingine ambaye pengine hajawahi kukatisha dozi maishani mwake.

Mwaka 1993 Malawi, nchi iliyo ng'ambo ya ziwa hilo hilo, ilikuwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuiondoa klorokwini katika tiba ya kawaida ya malaria na kuweka SP mahali pake. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwa kuwa ulimaanisha kukiri hadharani kwamba dawa iliyozoeleka na iliyopatikana hata dukani ilikuwa ikiwaacha watoto wakiugua. Tanzania ilifuata mwaka 2001. SP nayo, ambayo tangu mwanzo ilichukuliwa kuwa dawa ya mpito, ilianza kushindwa mapema, na mwishoni mwa mwaka 2006 nchi ikaanza kutumia dawa mseto ya ALu. SP haikutupwa: hadi leo hutolewa kwa wajawazito kliniki kwa ajili ya kuwakinga na malaria.

Malawi ilipata pia funzo ambalo wengi hawakulitarajia. Zaidi ya miaka 10 baada ya klorokwini kuondolewa, watafiti waliijaribu upya mjini Blantyre, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kati ya watoto 80 waliopewa klorokwini, ni mmoja tu ambaye tiba ilishindwa kwake. Kati ya watoto 87 waliopewa SP, tiba ilishindwa kwa 71. Dawa iliyokuwa imeshindwa ilikuwa imepata nguvu tena, kwa sababu watu waliacha kuitumia na vimelea sugu vikapungua hadi kutoweka. Jambo hilo lisingejulikana kama klorokwini ingeendelea kutolewa kwa mazoea.

Hata dawa mseto yenyewe ilizaliwa katika mfululizo wa majaribio yasiyofaulu. Nchini China, mtaalamu Tu Youyou na wenzake walichunguza mamia ya dondoo za mitishamba. Dondoo ya mmea wa jamii ya pakanga ilionyesha matumaini, kisha ikashindwa ilipojaribiwa tena. Badala ya kuutupa mmea huo, Tu alirudi katika kitabu cha tiba cha karne ya 4 na kuona kwamba waliotangulia waliuloweka katika maji, hawakuuchemsha. Alitambua kwamba huenda joto ndilo lililoharibu dawa. Alitumia njia ya joto dogo, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaangamiza vimelea. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Ikumbukwe kwamba chai ya pakanga inayoandaliwa nyumbani haiwezi kuchukua nafasi ya dawa, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakijulikani, na kiasi pungufu ndicho hulea usugu.

Jina la mseto lina maana yake. Atemetha hupunguza vimelea kwa kasi lakini haikai mwilini muda mrefu. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa na kumalizia vilivyosalia. Ndiyo maana dozi ni sita katika siku tatu: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na zinazofuata asubuhi na jioni katika siku ya pili na ya tatu, zikiambatana na chakula au maziwa ili dawa iingie vizuri mwilini. Mgonjwa anayepata nafuu siku ya pili na kuwekea akiba vidonge vilivyobaki anakuwa amevunja mseto huo. Anayetapika muda mfupi baada ya kumeza anapaswa kurudi kituoni ili apewe dozi nyingine.

Tishio halijakwisha. Vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya atemisinini, jamii ya dawa ambamo atemetha imo, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Dawa mseto bado inaponya, lakini dalili hizo zinafanana na zile za mwanzo wa safari ya klorokwini.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayerudi zahanati na kusema, "Dawa nimeimaliza na homa bado ninayo," asipokewe kwa lawama, wala asirudishwe na pakiti nyingine bila kuchunguzwa. Aulizwe alivyozimeza, na apimwe upya. Kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata baada ya mtu kupona, hivyo damu yake itazamwe kwa hadubini, na pasipo na hadubini apewe rufaa. Huenda homa yake ni ya ugonjwa mwingine kabisa, na huenda ni tiba iliyoshindwa. Vyovyote iwavyo, jibu liandikwe na litolewe taarifa wilayani. Kushindwa kwa klorokwini kulianza kufahamika kwa namna hiyo hiyo, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, katika vituo ambako mtu alirudi na mhudumu akamsikiliza.