Bogenvilia na Araukaria Kwenye Ua wa Upanga

Ifikapo Julai, masika yakiwa yameshakwisha na kusi inavuma, kuta za Upanga hubadilika rangi. Zambarau, waridi, chungwa na nyeupe hufunika nyaya za miba na vipande vya chupa vilivyochomekwa juu ya uzio. Nyuma ya baadhi ya kuta hizo, juu kabisa ya mapaa, huchomoza mti wa tabia nyingine: shina moja lililonyooka, matawi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, kijani kilekile Januari hadi Desemba. Wakazi wengi wa Dar es Salaam huuita mti wa Krismasi. Wataalamu huuita araukaria.

Kwenye kitalu cha kando ya barabara mimea hii hukaa bega kwa bega ndani ya viriba vyeusi, yote ikiwa na kimo cha magotini. Mnunuzi huchagua kwa macho. Anayependa rangi hubeba bogenvilia, anayependa unadhifu hubeba araukaria. Swali ambalo ni nadra kumjia ni moja: baada ya miaka ishirini, ni upi kati ya hii utakaokubali kukatwa?

Yote miwili ni migeni, na yote iliingia kwenye vitabu vya Wazungu kwa njia ya meli, tena kwa kupishana miaka saba tu. Mwaka 1767 msafara wa Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, uliokuwa ukiizunguka dunia, ulitia nanga Rio de Janeiro. Mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Philibert Commerson, aliondoka hapo na sampuli za mmea wenye miba na rangi kali, na mmea ukapewa jina la mkuu wa msafara. Msaidizi wa Commerson, aliyepanda melini akijulikana kuwa mwanamume, alikuwa mwanamke kwa jina Jeanne Baret. Ndiye anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia, na wapo wanaoamini kwamba mmea ule aliuchuma yeye, kwa kuwa bwana mkubwa alikuwa akiuguza mguu.

Oktoba 1774 ikawa zamu ya Mwingereza James Cook. Alifika kwenye kisiwa kidogo cha Pasifiki, mashariki ya Australia, akakiita Norfolk, na macho yake yakavutwa na miti mirefu iliyonyooka. Baharia huyo aliona milingoti ya meli. Mbao zake zilipojaribiwa baadaye hazikufaa kwa kazi hiyo, lakini mti haukupoteza sifa: leo umo kwenye bendera ya kisiwa hicho, na miche yake imesambaa kwenye pwani zenye joto duniani kote kwa sababu huvumilia chumvi na upepo wa bahari.

Dar es Salaam nayo imezoea kujaribu mimea ya watu. Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 ili kupima mazao ya biashara. Mwaka 1902 ikafuata taasisi kubwa zaidi ya utafiti kule Amani, Usambara. Mimea ya mapambo ilipita kwa urahisi kwenye mlango uleule.

Rangi inayoonekana kwenye bogenvilia si ya maua. Ukilichukua kichala kimoja na kukitazama kwa karibu, utaona vijirija vitatu vyembamba, vyeupe au vya manjano hafifu, vimesimama katikati. Hivyo ndivyo maua yenyewe. Kinachong’aa pembeni ni majani yaliyobadilika kazi ili kuwaita wadudu, na rangi yake inatokana na kundi moja na ile inayoufanya mzizi wa bitiruti kuwa mwekundu. Kwa kuwa ni majani, hayanyauki upesi kama ua la kawaida. Hukaa wiki kadhaa, mepesi na makavu kama karatasi, kisha upepo huyatawanya mpaka kwenye ua wa jirani. Ugomvi wa ufagio huanzia hapo.

Mmea huu una tabia inayowachanganya wengi: ukidekezwa, haupambi. Ukimwagiwa maji kila jioni na kurundikiwa samadi, hutoa majani ya kijani na vichipukizi virefu vyenye miba, basi. Ukiachwa udongo ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, ukapigwa na jua walau saa sita kwa siku, hupasuka rangi. Ndiyo maana kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho msimu wake mkubwa hapa pwani. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, siku fupi za baridi huchangia kuuchochea. Dar es Salaam, ambako tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa nzima, ukavu ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, nyasi zilikuwa za kwanza kuathirika. Bogenvilia iliyokwisha kushika mizizi haina haja ya kusubiri zamu ya bomba.

Araukaria haina sarakasi hizo. Haitoi maua kabisa, kwa maana iko kwenye kundi la mimea inayobeba mbegu ndani ya koni, kama misonobari. Uzuri wake ni umbo, na umbo hilo ni hesabu: kikonyo kimoja cha juu kinachoongoza, na chini yake duru za matawi zinazotoka kwa kiwango kimoja kuzunguka shina. Yeyote aliyewahi kuipamba sebuleni mwezi Desemba anajua kwa nini hupendwa. Haipukutishi majani ovyo na haina miba ya kurarua ngozi.

Tatizo ni kwamba hesabu ile haisamehe. Tawi la chini likifa kwa kukosa jua, halioti tena. Kikonyo cha juu kikikatwa, mti hupoteza umbo lake na mara nyingi huchipua vichwa viwili au vitatu vinavyogombana. Ajabu zaidi iko kwenye vipandikizi. Ukichukua tawi la pembeni la araukaria, ukalitia mizizi kwa shida na subira, litaota likielekea pembeni maisha yake yote. Halitageuka kuwa mti uliosimama. Kikonyo cha juu peke yake ndicho kinachojua kwenda juu. Kwa hiyo miche hutokana na mbegu.

Ipo na ndugu yake, araukaria ya New Caledonia, ambayo huuzwa kwa jina hilohilo kwa sababu miche yake hufanana mno na ile ya Norfolk. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya miti 256 ya aina hiyo kutoka mabara matano, wakaonyesha kwamba huinama kuelekea ikweta, kwa wastani wa nyuzi 8.55. Iliyo kaskazini huinamia kusini, iliyo kusini huinamia kaskazini, na mwinamo huongezeka kadiri mti unavyokuwa mbali na ikweta. Dar es Salaam iko karibu na mstari huo, kwa hiyo mwenye nyumba hana sababu ya kutafuta kamba.

Cha kumtia wasiwasi ni urefu. Kwao Norfolk araukaria hupita mita 50. Kwenye joto la pwani yetu huwa fupi zaidi, ila hata mita 20 ni kimo cha jengo la ghorofa sita. Na Upanga ya leo haina nafasi ya kugawa ovyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia eneo hili lilijengwa hasa kama makazi ya Waasia, nyumba za chini zenye ua na maghorofa mafupi. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo, nyumba nyingi zikaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ua ukawa wa wapangaji wote, yaani usio wa mtu. Katika ua wa namna hiyo, mmea unaoweza kukaa miezi bila mwangalizi una nafasi kubwa ya kudumu. Siku hizi nyumba za chini zinabomolewa, minara inapanda, na bustani imebanwa kuwa ukanda mwembamba kati ya ukuta na maegesho, au vyungu vinne kwenye roshani.

Kwenye ukanda kama huo bogenvilia inashinda bila mjadala. Huelekezwa kwenye ukuta au waya, hukatwa kila baada ya kuchanua, na hukatwa tena ikizidi. Maua yajayo hutoka kwenye machipukizi mapya, hivyo mkasi unaisaidia. Miba yake ni mlinzi wa bure, ingawa anayeipogoa avae glavu nzito, kwani mikwaruzo yake huwasha. Kasoro yake moja ya kweli ni mizizi, ambayo ni laini kupita inavyodhaniwa. Mche usivutwe kutoka kwenye kiriba. Kiriba ndicho kichanwe.

Araukaria iachiwe wenye viwanja: shule, hospitali, makanisa, misikiti. Mwenye roshani anaweza kuifuga chunguni kwa miaka kadhaa, akiigeuza kila wiki ili isipinde kufuata jua, mradi ajue kwamba siku moja itabidi iondoke. Kuihamishia kwenye ukanda wa mita mbili chini ya nyaya za umeme ni kumwandalia kazi mtu atakayekuja na msumeno.

Wengine hudhani wanayo tayari miti ya jamii ya misonobari, kwa sababu wanaiona mivinje ya ufukweni, kama ile ya kandokando ya Barabara ya Barack Obama. Mvinje hauhusiki. Vinavyofanana na sindano ni vijiti vyake vya kijani, na mti wenyewe hutoa maua. Misonobari halisi ya biashara iko kwenye baridi, Sao Hill huko Mufindi, na mitarakwa ya asili iko milimani. Mikrismasi ya aina nyingine, ile inayofanya uzio mzuri Arusha na Kilimanjaro, haipendi joto la Dar, na hata huko juu haikosi balaa: vidukari vilivyoonekana Malawi mwaka 1986 vilifika Tanzania na Kenya katika miaka michache na kukausha miti hiyo mashambani na kwenye nyua.

Anayetaka kijani cha kudumu cha kabila la koni bila kupanda juu ana mtapo, mmea wa pwani yetu wenyewe, wenye majani kama ya mnazi mfupi. Hukua polepole sana na mbegu zake zina sumu, kwa hiyo wenye watoto wadogo wawe macho.

Mbolea, mchanga na vyungu vinapatikana Kariakoo bila safari ndefu. Cha kuachwa dukani ni visahani vya kukinga maji chini ya chungu. Mbu wanaoeneza homa ya dengi, iliyolitesa jiji mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji machache kama hayo, na bogenvilia haiyahitaji.

Anayehama Upanga kwenda Kigamboni au Mbezi, kwa kuwa kiwanja kimeuzwa, asijaribu kung’oa bogenvilia ya zamani. Akate asubuhi vijiti kumi vya unene wa penseli, vilivyokomaa, vya urefu wa kiganja na zaidi kidogo, avifunge kwenye gazeti lililolowana na avichomeke siku hiyohiyo kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini. Mwezi na nusu hadi miwili baadaye, vile vilivyochipua vitakuwa tayari kuzoeshwa jua.