Akiba Haiozi, Hata Katika Damu

Wahenga walisema akiba haiozi. Wengi wetu hudhani methali hii inahusu mahindi ghalani na pesa benkini tu. La hasha! Hata mwili wako umejiwekea akiba.

Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya seli, yanayouelekeza mwili jinsi ya kutengeneza protini. Zamani sana, mbegu za uzazi zilipokuwa zikiundwa, baadhi ya jeni zilinakiliwa mara mbili kimakosa, na vizazi vikazirithi hivyo. Basi nakala moja ikiharibika, nyingine huendelea na kazi.

Tuchukue hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Jeni ya alfa ilirudufishwa, kwa hivyo kila mtu hupata mbili kwa baba na mbili kwa mama. Jumla nne! Ukikosa moja, hata hutajua. Ukikosa mbili, damu hupungua kidogo tu. Ukikosa tatu, utaugua. Zikikosekana zote nne, kwa kawaida mtoto hufa tumboni au punde tu baada ya kuzaliwa. Pwani ya Kenya wako watu wengi waliokosa moja au mbili na ni wazima. Tena, utafiti uliofanywa Kilifi ulionyesha kwamba upungufu huo huwakinga na malaria kali!

Je, beta? Hapa akiba ni haba: moja kwa baba, moja kwa mama, basi. Zote mbili zikiwa na badiliko la selimundu, mtoto hupata ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Hata hivyo, beta ana ndugu yake, gama. Wote wawili walitokana na jeni moja ya kale iliyorudufishwa. Gama hufanya kazi mtoto akiwa tumboni, kisha hulala polepole baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huonekana mzima miezi ya kwanza. Dawa iitwayo haidroksiyurea humwamsha gama, na maumivu hupungua.

Kwa hivyo wenzangu, tusiseme mgonjwa wa selimundu amerogwa. Anahitaji kliniki, si mganga. Nasi tupimwe damu kabla ya kuoa au kuolewa, kwani wazazi wawili wazima huweza kubeba nakala mbovu moja moja bila kujua. Mwenye kuijua akiba yake ndiye hupanga vizuri.