Dini za Kubuni na Maneno Yenye Wenyewe

Mtu anayebuni nchi isiyokuwapo duniani hupata mambo mengi kwa urahisi: milima, mito, nasaba za wafalme, wanyama wa ajabu. Mkono humwia mzito anapofikia dini ya wenyeji wa nchi hiyo. Mto ni mto popote, na ukipewa jina geni utatiririka vile vile. Lakini mtu akiinama kuabudu hana budi kuinama mbele ya kitu, na kitu hicho hakina budi kuwa na jina. Na jina hilo, pamoja na jina la nyumba yake, la mtumishi wake na la kafara yake, hutoka katika lugha ambayo wasomaji wenyewe huitumia katika ibada zao. Kwa upande wa Kiswahili shida hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu maneno yetu ya ibada karibu yote yana wenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi shida hiyo ilivyo, na jinsi inavyoweza kugeuzwa kuwa zana ya mtunzi.

Ni haki tuanze kwa waandishi wa Kiingereza, maana wao wameifanya kazi hii kwa wingi. J. R. R. Tolkien alitoa The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955, kitabu kirefu ambacho ndani yake ibada haionekani ila kwa nadra. Wako askari ambao kabla ya kula husimama kimya wakitazama magharibi, na hayo ndiyo karibu yote. Mwenyewe alieleza katika barua ya mwaka 1953 kwamba mambo ya ibada aliyaondoa kwa makusudi, dini ipate kufichika ndani ya hadithi. Mashindano ya imani yako wazi zaidi katika maandishi yake yaliyochapwa baada ya kufa kwake, hasa The Silmarillion ya mwaka 1977. Katika kisiwa cha Númenor Muumba aliheshimiwa juu ya kilele cha mlima Meneltarma, mahali pasipokuwa na nyumba wala madhabahu, ambapo hapana aliyesema neno ila mfalme. Baadaye Sauron aliletwa kisiwani mateka, akapanda akawa mshauri wa mfalme, akajenga hekalu kubwa lenye kuba ya fedha, na ndani yake watu wakachinjwa kwa heshima ya Melkor hata kuba ikawa nyeusi kwa moshi. Huku kimya na upepo, kule paa na moto. Hatupewi orodha ya mafundisho ya upande wowote, wala hatuihitaji.

Ursula K. Le Guin, wa Marekani, alikwenda mbali zaidi katika The Tombs of Atuan, kitabu cha mwaka 1971. Hapo ibada tatu zinakaa mahali pamoja: ya nguvu za kale zisizo na jina, ya miungu wawili ndugu, na ya mfalme aliyejifanya mungu. Binti mdogo Tenar hunyang'anywa jina lake, akaitwa Arha, yaani Aliyeliwa, na kuwekwa awe kuhani wa nguvu zile za kale. Ukumbi wake wa kiti cha enzi ni gofu, kwa kuwa mali ya dola sasa hufuata ibada iliyo changa zaidi. Ndani ya ardhi, chini ya makaburi, ni haramu kuwasha nuru yoyote. Basi siku moja Arha anamkuta huko Kossil, kuhani wa mfalme-mungu, na mwanga mkononi. Hakuna mjadala wa imani unaoshinda mwanga ule. Kossil ameingia palipo patakatifu pa mwenzake kama mtu aingiaye ghalani, wala hakupatwa na neno.

Sasa tujaribu kuyahamisha hayo katika Kiswahili. Arha tumwite nani? Nimeandika kuhani hapo juu, na msomaji wa Biblia amekwisha kumwona Haruni na mavazi yake. Msomaji aliyelelewa chuoni amesikia jirani yake neno hilo, kahini, ambaye ni mpiga ramli na msema uongo. Neno ni moja kwa asili, lakini kwa huyu lina heshima na kwa yule lina lawama. Kasisi na padri hayafai kabisa. Mganga ana kazi nyingine. Hekalu lina Yerusalemu ndani yake. Mzimuni ndilo neno lililo karibu mno na Atuan, kwa maana ni mahali pa nguvu za zamani ambapo watu huacha vitu vyao na kuondoka. Walakini mizimu yetu aghalabu ni wazee wetu, na zile nguvu za Atuan hazikuwa watu hata siku moja. Kila mlango tunaoubisha unafunguliwa na mtu tunayemjua.

Jambo moja latupa nafuu. Mwandishi wa Kiingereza hana budi kuamua kama mungu wake ni wa kiume au wa kike kila anapomtaja kwa kiwakilishi. Sisi twasema amekasirika, tukapita. Hali kadhalika kuhani. Katika makao yale ya Atuan, ambamo hakuna wanaume ila matowashi, neno kuhani latosha bila nyongeza, na mfasiri mwenye kuandika kuhani wa kike kila mstari amejitia kazi ya bure.

Wengine husema: tuazime maneno mageni, tutoke katika ukoo wa maneno haya. Mfano wao ni Frank Herbert, aliyetoa Dune mwaka 1965. Watu wa jangwa katika kitabu hicho humngojea Mahdi. Humwita Lisan al-Gaib. Na shujaa huchukua jina la Muad'Dib. Kwa msomaji wa Chicago hizo ni sauti za mbali, na umbali wake ndio ladha yake. Kwa msomaji wa Lamu au Unguja hakuna umbali: ghaibu ni neno lake la kila siku, lisani alilikuta katika mashairi, na katika Muad'Dib asikia adabu na kuadibu. Ugeni wote umekwisha! Hata hivyo nadhani hasara hiyo ina faida. Katika hadithi hiyo utabiri wenyewe ulipandwa zamani na chama cha wanawake, ili mwanachama wao akikwama katika nchi ngeni apate kupokewa. Bibi Jessica anapofika jangwani huyatambua maneno na kuyatumia kujiokoa. Msomaji wa Kiswahili hutambua pamoja naye, tena mapema kuliko Mwingereza, kwamba maneno haya yametoka mahali. Mfasiri akiyafuta kwa kuogopa mazoea atakuwa ameufuta ushahidi.

Nimesema shida yaweza kuwa zana. Zana iliyo kali zaidi, kwa maoni yangu, haimo katika msamiati; imo katika upatanisho wa ngeli. Neno Mungu lina umbo la ngeli ya mti na miti. Likiwa katika umoja huchukua upatanisho wa watu: Mungu amesema, Mungu yule. Likiwa katika wingi, aghalabu huachwa lirudi kwenye miti: miungu mingine, miungu imekasirika. Wala si umbo linalolazimisha hivyo, maana mtume na mitume ni wa umbo lilo hilo, na sijamsikia mtu aliyesema mitume imefika. Basi hukumu imekwisha kutolewa na sarufi kabla mtunzi hajashika kalamu: aliye mmoja ni nafsi, walio wengi ni vitu. Historia ya hukumu hiyo yaeleweka, kwa kuwa walioandika habari za miungu kwa Kiswahili kwa karne nyingi waliiandika ili kuikanusha. Lakini mtunzi atakaye tuamini, kwa muda wa kusoma tu, kwamba miungu wa nchi yake wana hasira na huruma, ataiharibu kazi yake kwa silabi moja.

Mhariri mwema atataka kusawazisha, aidha wa- kote au i- kote. Namsihi asifanye hivyo. Tuseme sokoni katika nchi ya kubuni muuza chumvi anasema, “Miungu wameleta mvua.” Mnunuzi, akihesabu fedha zake, anajibu, “Imeleta.” Hakuna lililobaki kuelezwa. Tumejua kwamba wako watu wa madhehebu mawili, kwamba mmoja anaona nafsi pale mwenzake aonapo mawe, na kwamba mnunuzi ana ujasiri wa kumsahihisha mwenziwe hadharani, yaani upande wake ndio wenye nguvu mjini. Mwandishi wa Kiingereza angehitaji ukurasa.

Mtu asidhani kwamba hilo ni jambo la kubuni tupu. Miongoni mwetu Waislamu wengi huswali na Wakristo husali, na w moja yatosha kumjulisha msikilizaji amekaa na nani. Sadaka kwa huyu ni anachompa maskini, kwa yule ni kinachopitishiwa kikapu kanisani. Huyu humtaja Isa, yule Yesu. Majirani hao hununua samaki kwa mvuvi mmoja na kuzikana, na lugha yao ni moja ila katika sehemu chache zilizo nyembamba sana. Wabunifu wengi wa dini hukosea hapa: huzipa imani mbili zinazoshindana miungu tofauti, rangi tofauti, mavazi tofauti, kama timu za mpira. Imani zilizoishi pamoja muda mrefu huazimana karibu kila kitu, zikagombania kilichobaki.

Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliijua thamani ya kuazima. Jina la Kusadikika, kitabu chake cha mwaka 1951, limetokana na kusadiki, na nchi yenyewe iko angani. Katika Kufikirika, kilichochapwa baada ya kufa kwake, mfalme asiye na mtoto hushauriwa na waganga wa namna nyingi, na baadaye yanatakiwa makafara ya watu wawili, mwerevu na mjinga. Hakueleza itikadi yoyote. Neno kafara lilikuwa na uzito wake pwani, wa kitu kitolewacho ili balaa ipite, akalitia mzigo ambao halijazoea kuuchukua. Msomaji hushtuka kwa sababu analijua neno.

Limesalia swali la mpinzani. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, una Warumi ambao mtungaji hakuwaona. Herekali wake ni mfalme wa kweli katika tarikhi, lakini watu na baraza lake ni kazi ya fikira. Utungo hauna shaka haki iko wapi. Hata hivyo Herekali hupelekewa barua na hupewa nafasi ya kuijibu, na msomaji wa utendi hana budi kuyatoa maneno ya mfalme huyo kwa kinywa chake mwenyewe. Watunzi wengi wa leo hawafiki hapo. Humwita mpinzani kafiri, wakasahau kwamba kafiri ni jina la kuitwa, si la kujiita, na mtu huyo nyumbani kwake ana jina jingine ambalo mamake hulitumia. Tenar alifundishwa kwamba wachawi wa visiwani hawana roho isiyokufa, kwamba wakifa hawazaliwi tena. Halafu mmoja wao akanaswa chini ya ardhi, katika njia za giza alizozimiliki yeye, akiwa karibu kufa kwa kiu. Na ni huyo aliyemrudishia jina lake la kwanza.