Pembe za Moi Avenue: zilikotoka na kwa nini zitunzwe

Mgeni anayepita Moi Avenue, Mombasa, hupita chini ya pembe nne kubwa za ndovu, jozi moja juu ya kila upande wa barabara. Wenyeji huliita eneo hilo Mapembeni, na ni wachache waliowahi kuzuru jiji hili bila kupiga picha hapo. Hata hivyo, wengi hawajui zilivyoanza.

Kwanza, si pembe halisi. Zile za mwanzo zilitengenezwa kwa mbao na turubai mwaka 1952, barabara hiyo ikiitwa Kilindini Road, ili kumlaki Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Alitarajiwa kupanda meli Mombasa kuendelea na ziara yake, lakini tarehe 6 Februari baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki. Elizabeth, aliyekuwa Nyeri, akarejea London kwa ndege akiwa Malkia. Mgeni aliyeandaliwa mapambo hayo hakufika.

Mwaka 1956, kwa ziara ya dada yake, Margaret, pembe ziliundwa upya kwa alumini na kuwa jozi mbili. Ndizo zilizopo hadi leo. Ukizitazama kwa mbali, zinafanana na herufi M, ya kwanza katika jina la jiji.

Maana yake nayo imebadilika. Kwa karne nyingi pembe za ndovu zilikuwa bidhaa kuu ya bandari za pwani, na zilizofika hapa zilibebwa na wapagazi kutoka bara. Leo biashara hiyo ni haramu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ikateketeza tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, zote katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kwa hiyo mtoto anayeuliza kuhusu Mapembeni anastahili kuelezwa habari za wapagazi na ndovu pia, si za wafalme peke yao.

Kuhusu utunzaji, alumini haishiki kutu kama chuma kwa sababu hujifunika utando mwembamba unaoikinga. Adui wake ni chumvi. Upepo wa bahari huileta kila siku, nayo hutoboa utando huo vishimo vidogo vidogo. Mahali alumini inapogusana na chuma, kama vile kwenye bolti, uharibifu huenda kasi zaidi unyevu wa chumvi ukiingia katikati.

Ndiyo maana karatasi ya tangazo inayobandikwa kwenye pembe si uchafu tu. Chini yake hubaki maji na chumvi ambavyo mvua haiwezi kuosha, na anayeibandua kwa kisu huikwaruza alumini. Kufunga kamba za mabango au kuegemeza mikokoteni kuna madhara kama hayo.

Mkazi anaweza kusaidia kwa mambo matatu: asibandike wala kuandika chochote, asipande juu kwa ajili ya picha, na akiona bati lililolegea au kupasuka, atoe taarifa mapema katika ofisi ya wadi yake. Bati likianguka, walio chini ni abiria wa tuktuk, wachuuzi na watoto wa shule.