Pikipiki Yako Hula Petroli Kiasi Gani?

Mali bila daftari huisha bila habari. Wazee walisema hivyo juu ya duka na mifugo, lakini siku hizi yafaa tuseme hivyo juu ya pikipiki pia.

Zamani mkulima aliyetaka kupeleka maziwa au mboga sokoni alitumia punda, baiskeli, au mgongo wake mwenyewe. Leo, katika sehemu nyingi za Kenya, pikipiki ndiyo punda wa shamba. Alfajiri hubeba mitungi ya maziwa, mchana kabeji, na jioni hurudi na mbolea au chakula cha ng'ombe. Lakini iko tofauti moja kubwa. Punda akila kupita kiasi, utaona majani yamekwisha. Pikipiki ikila kupita kiasi huoni kitu, ila mfuko wako tu unazidi kuwa mwepesi.

Muulize mwenye pikipiki yeyote, "Pikipiki yako huenda kilomita ngapi kwa lita moja?" Wengi watakujibu, "Mimi hutia ya shilingi mia tatu, nayo hunifikisha." Jibu hilo si hesabu. Petroli ya shilingi mia tatu mwezi uliopita huenda si sawa na ya mwezi huu, maana bei hubadilika. Tangu Desemba 2010 bei ya juu kabisa ya petroli hapa Kenya huwekwa na mamlaka ya Serikali. Siku hizi kazi hiyo ni ya EPRA, ambayo hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Tena bei ya Mombasa si bei ya Mandera. Kwa hiyo usihesabu kwa shilingi kwanza. Hesabu kwa lita, kisha shilingi zitafuata.

NAMNA YA KUPIMA

Kazi hii haihitaji fundi wala chombo cha ghali. Wahitaji daftari, kalamu, na spidomita inayofanya kazi. Ikiwa spidomita yako imekufa, itengeneze kwanza. Mara nyingi kilichokatika ni waya wake tu. Kisha fuata njia hii:

1. Nenda kwenye kituo cha petroli, usimamishe pikipiki wima mahali tambarare, ujaze tangi mpaka alama unayoweza kuikumbuka, kama vile chini kidogo ya shingo ya tangi. Usijaze mpaka ikamwagika.

2. Andika namba ya kilomita iliyo katika spidomita.

3. Fanya kazi zako kama kawaida kwa muda wa juma moja. Usiendeshe kwa upole wa namna ya pekee kwa sababu unapima, maana hapo utajidanganya mwenyewe.

4. Rudi kwenye kituo kile kile, usimamishe pikipiki vile vile, ujaze tena mpaka alama ile ile. Andika lita zilizoingia na namba mpya ya kilomita.

5. Toa namba ya kwanza katika namba ya pili, upate kilomita ulizokwenda. Zigawanye kwa lita zilizoingia mara ya pili.

Huenda utauliza kwa nini twatumia lita za mara ya pili, si za mara ya kwanza. Sababu ni hii: tangi lilikuwa limejaa ulipoanza, nalo limejaa tena ulipomaliza. Basi lita ulizoongeza ndizo hasa zilizoteketea njiani.

Tuchukue mfano. Spidomita ilisoma 14,210 ulipoanza. Juma lililofuata ilisoma 14,525. Umekwenda kilomita 315. Lita zilizoingia ni 7. Gawanya 315 kwa 7, utapata kilomita 45 kwa lita. Wazee waliozoea maili na galoni wangesema ni kama maili 127 kwa galoni moja.

Sasa lete shilingi. Tuseme lita moja ni shilingi 180, ili hesabu iwe nyepesi. Wewe tumia bei ya mahali pako. Gawanya 180 kwa 45, utapata shilingi 4. Basi kila kilomita moja pikipiki yako hula petroli ya shilingi 4. Iandike namba hiyo kwa kalamu nzito, maana tutairudia.

DAFTARI LA MWEZI

Kupima mara moja hakutoshi. Juma moja huenda ulipanda milima mingi, au ulibeba mzigo mzito, au mhudumu wa pampu alijaza kupita alama. Pima mara nne au tano, ndipo utajua tabia ya pikipiki yako. Panga daftari lako hivi:

Tarehe 3: spidomita 14,210; tangi limejazwa.
Tarehe 10: 14,525, kilomita 315, lita 7, kilomita 45 kwa lita.
Tarehe 18: 14,790; kilomita 265; lita 6; kilomita 44 kwa lita.
Tarehe 25: 15,052, kilomita 262, lita 6.5, kilomita 40 kwa lita.
Tarehe 2: 15,297, kilomita 245, lita 7, kilomita 35 kwa lita.

Ukijumlisha, ni kilomita 1,087 kwa lita 26.5, yaani kilomita 41 kwa lita. Namba hiyo yaonekana nzuri, tena mtu asiyeandika angeridhika. Lakini tazama mstari mmoja mmoja. Pikipiki hii ni mgonjwa, na ugonjwa unazidi kila juma.

Usiisumbue roho kwa kulinganisha namba yako na ya jirani. Pikipiki nyingi za mashambani zenye injini ya saizi 100 hadi 150 hufika kilomita 40 hadi 60 kwa lita, lakini njia, mzigo na mwendeshaji havifanani. Linganisha pikipiki yako na yenyewe. Namba ikishuka kidogo juma moja, ngoja. Ikishuka mara mbili au tatu mfululizo, hapana budi utafute sababu.

NAMBA IKISHUKA

Anza na mambo yasiyo na gharama. Pima upepo wa matairi wakati yakiwa baridi, ufuate kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Tairi laini hukokota kama gari la ng'ombe kwenye matope. Kisha inua gurudumu la nyuma kwa stendi ya katikati, ulizungushe kwa mkono. Likikataa kuzunguka kwa urahisi, huenda breki imekaza, au mnyororo umekazwa kupita kiasi. Kwa pikipiki nyingi mnyororo wafaa ucheze sentimita 2 au 3 juu na chini, nao usikose mafuta.

Tena tazama filta ya hewa. Katika barabara zetu za vumbi filta huziba upesi, na injini isiyopata hewa hunywa petroli bure. Filta ya sponji huoshwa kwa maji na sabuni, ikakauka kabisa, kisha ikatiwa mafuta kidogo ya injini. Ile ya karatasi haioshwi, hubadilishwa. Hakikisha choki imerudishwa baada ya injini kupata moto. Fungua plagi: ikiwa rangi yake ni ya kahawia, ni njema, ikiwa nyeusi kwa masizi, injini yapata petroli nyingi mno, na hapo mpelekee fundi kabureta aitazame. Ukisikia harufu ya petroli asubuhi mahali pikipiki ilipolala, kuna pahali panapovuja. Usiwashe kiberiti wala taa karibu nayo.

Jambo jingine ni petroli yenyewe. Petroli ya chupa kando ya njia hujui lita zake wala kilichotiwa ndani. Uchanganyaji wa mafuta ya taa na mafuta mengine ulizidi hata Serikali, mwaka 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Nunua penye pampu, uitazame ikianza katika sifuri.

Wengine huzima injini mteremkoni wakidhani wanaokoa petroli. Msifanye hivyo. Pikipiki yenye mzigo ikikosa injini ya kuizuia, breki peke yake hupata moto na kushindwa. Hakuna petroli yenye thamani ya mguu wako.

JE, SAFARI INALIPA?

Sasa turudi kwenye zile shilingi 4, maana faida ya daftari iko hapa.

Tuseme kituo cha kukusanya maziwa kiko kilomita 12 kutoka kwako. Kwenda na kurudi ni kilomita 24. Mchuuzi anayefika langoni kwako hukupa shilingi 45 kwa lita, na kituo hutoa shilingi 50. Una lita 30. Ukipeleka mwenyewe, unapata shilingi 150 zaidi. Toa petroli, kilomita 24 kwa shilingi 4, ni shilingi 96. Zabaki 54. Tena weka akiba ya shilingi 1 kwa kila kilomita kwa ajili ya matairi, mnyororo na mafuta ya injini, yaani shilingi 24. Faida yako ya kweli ni shilingi 30 kwa siku.

Lakini pikipiki ile mgonjwa, iendayo kilomita 35 kwa lita, hula shilingi 5 na senti 14 kwa kilomita. Petroli ya safari ile ile yafika shilingi 123 na senti 40. Ukitoa na akiba, faida inayobaki haifiki shilingi 3. Umeamka usiku, umepigwa na baridi, kwa shilingi 3! Na ikiwa ng'ombe wamepunguza maziwa na una lita 15 tu, nyongeza ni shilingi 75. Hapo hata pikipiki nzima hukutia hasara, na afadhali umwuzie mchuuzi au uchukue na maziwa ya jirani, akuchangie petroli.

Tena fikiri juu ya mwaka mzima. Mtu aendaye kilomita 250 kwa juma, pikipiki yake ikishuka kutoka 45 hadi 35, hupoteza karibu shilingi 15,000 kwa mwaka. Fedha hizo angalizitia katika mbolea au karo ya mtoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, ndugu mkulima, nunua daftari dogo, ulifunge kwa mpira chini ya kiti cha pikipiki pamoja na kalamu. Ikiwa kijana wako ndiye mwendeshaji, mfundishe hesabu hii, wala usiitumie kumshuku. Yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua pikipiki inapougua. Jaza tangi, andika namba, fanya kazi yako. Baada ya mwezi mmoja utajua jambo ambalo wengi hawajui: kama pikipiki inalifanyia shamba kazi, au shamba linaifanyia pikipiki kazi.