Rupia 500 za Maziwa

Mwaka 1962 karani wa fedha katika mradi wa serikali wa kusambaza maziwa jijini Delhi, India, hakuwasilisha rupia 500 za mwajiri wake. Kipindi hicho mwanawe mkubwa alifariki, mkewe akaanguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya, kisha binti yake akaugua kwa miezi mingi. Karani alizirudisha fedha zote, na alipofikishwa mbele ya hakimu alikiri kosa. Hakimu alimtia hatiani, lakini alipotazama misiba iliyomwandama, na kwamba hakuwa na rekodi ya makosa, akamwachia chini ya uangalizi badala ya kumpeleka jela. Mwaka 1964 serikali ikamfukuza kazi bila kumwita wala kumuuliza neno.

Jela alinusurika, kazi ikaenda. Karani akaishtaki serikali.

Nilikuwa afisa utumishi hadi nilipostaafu, na kesi hii ndiyo niliyopenda kuwasimulia maofisa vijana kabla sijawafungulia kitabu chochote cha kanuni. Barua ya kumfukuza mtumishi aliyetiwa hatiani ndiyo barua nyepesi kuliko zote tunazoandika. Unaambatisha nakala ya hukumu, unaandika aya mbili, unampelekea bosi asaini. Hakuna kamati, hakuna mashahidi, hakuna kelele. Wepesi huo ndio uliozaa kesi nyingi.

Kwa kawaida mtumishi wa umma hafukuzwi kwa maneno ya korido. Anapewa hati ya mashtaka, anapewa muda wa kujieleza kwa maandishi, uchunguzi unafanyika, ndipo mamlaka ya nidhamu inaamua. Katiba ya India inaulinda utaratibu huo katika Ibara ya 311. Lakini ibara hiyohiyo inaruhusu uchunguzi urukwe pale mtumishi anapoadhibiwa kwa mwenendo uliosababisha atiwe hatiani katika kesi ya jinai. Mantiki yake inaeleweka. Mahakama imeshapima ushahidi kwa kipimo kikali kuliko cha kamati yoyote ya ofisi, yaani bila kuacha shaka ya msingi. Kamati ikianza upya kuuliza kama kosa lilitendeka, itakuwa inamsahihisha hakimu.

Kesi ya karani ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya India, ikaamuliwa Machi 12, 1985. Jaji Mkuu Y.V. Chandrachud alikubali kwamba serikali ilikuwa na mamlaka ya kumfukuza mtu huyo bila uchunguzi. Kisha akauliza mamlaka hayo yalitumikaje. Alitoa mfano ambao nimeurudia katika semina nyingi: mtumishi aliyetiwa hatiani kwa kuegesha skuta mahali pasiporuhusiwa naye ana hatia ya jinai, je, afukuzwe kazi? Haki ya kutoa adhabu, alisema, inakuja na wajibu wa kutenda haki. Mahakama ikaamuru karani arudishwe kazini na alipwe mishahara yake yote tangu alipofukuzwa. Ilikuwa imepita miaka 21.

Msomaji asidhani kwamba mahakama ile ilikuwa inawahurumia wote. Miezi minne baadaye, Julai 11, 1985, majaji watano wa mahakama hiyohiyo, Chandrachud akiwa mmoja wao, walitoa uamuzi katika rundo la kesi zilizounganishwa. Moja ilimhusu mkaguzi wa hesabu wa ofisi ya kijeshi mjini Jabalpur. Alizuiliwa nyongeza ya mshahara, akampiga bosi wake kichwani kwa fimbo ya chuma. Naye alitiwa hatiani, naye aliachiwa chini ya uangalizi, na serikali ikamstaafisha kwa lazima. Majaji wanne kati ya watano walisema mtumishi wa aina hiyo hana haki ya kusikilizwa kwanza kabla ya adhabu, na wakaiacha adhabu yake isimame.

Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja, zinaelewana. Mwenye mamlaka ya nidhamu anaweza asimwite mtumishi, lakini lazima akae chini aisome hukumu: kosa lilikuwa gani, lilihusianaje na kazi, lilitendeka katika mazingira gani, adhabu ipi inalingana nalo. Mtumishi anayeona adhabu imepita kiasi anaweza kukata rufaa ndani ya utumishi, kisha kwenda mahakamani. Hukumu ya jinai imefunga mjadala wa kosa. Mjadala wa adhabu bado uko wazi.

Swali linalofuata kila mara ni hili: je, kama nimekata rufaa ya jinai? Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya India ilimjibu mtumishi wa idara ya elimu aliyetiwa hatiani kwa rushwa, ambaye Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha kifungo chake akisubiri rufaa. Kusimamisha kifungo, majaji walisema, hakuiondoi hatia, kwa hiyo mwajiri halazimiki kusubiri. Akishinda rufaa, uamuzi wa kumwondoa utatazamwa upya na atapata stahili zake. Kenya ilichagua njia nyingine kwa makosa ya rushwa. Sheria yake ya mwaka 2003 ya kupambana na rushwa inamsimamisha mtumishi kwa nusu mshahara anaposhtakiwa, na bila mshahara anapotiwa hatiani, lakini anafukuzwa pale tu muda wa rufaa unapopita au rufaa inaposhindwa.

Mtu anaweza kuuliza Delhi inatuhusu nini sisi Watanzania. Sheria ya Ushahidi ya India ilitumika Tanganyika hadi mwaka 1967, na majaji wetu bado husoma hukumu za huko wanapotafuta mwanga, ingawa haziwafungi. Msingi wa kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa tunao wenyewe, katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania.

Baada ya kustaafu alinijia nyumbani dereva mmoja wa serikali, barua mkononi. Alikuwa ametiwa hatiani kwa kuendesha gari kwa uzembe, akalipa faini, kisha akafukuzwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

"Mama, faini si nililipa? Nimeadhibiwa mara mbili kwa kosa moja."

Nilimwambia hoja hiyo aiache. Karibu kila mtu huanza nayo, na haimfikishi mbali, kwa sababu mwajiri hakushtaki upya, anaamua kama uendelee kumtumikia. Nikamuuliza amefanya kazi muda gani, amewahi kupewa onyo, ajali ilitokeaje, na barua inasema nini kuhusu hayo.

"Haisemi kitu. Inataja namba ya kesi tu."

"Basi rufaa yako ianzie hapo. Na barua uliipokea lini?"

Swali la mwisho ndilo huwaangusha wengi. Kwa mtumishi wa Tanzania rufaa kwa kawaida huenda Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 45, na asiporidhika huko anakata rufaa kwa Rais. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize ngazi hizo kabla ya kugeukia vyombo vya sheria za kazi. Uamuzi wa Rais nao anaweza kuomba Mahakama Kuu iufanyie mapitio, na huko jaji hapimi kama yeye angefukuza au asingefukuza. Anaangalia kama aliyeamua alikuwa na mamlaka hayo, kama alifuata sheria, na kama uamuzi wake una mantiki. Wapo waliokimbilia mahakamani moja kwa moja, wakaambiwa warudi kwenye rufaa, na siku zikawa zimekwisha.

Wengi wanaofungua kesi hizi hushindwa, na sioni ubaya. Mhasibu aliyekula fedha za dawa hana haki ya kurudi kwenye kasha lilelile. Ninachowadai maofisa walioshika kalamu niliyoiacha ni aya moja ya tatu, inayoeleza kwa nini kosa hili, la mtu huyu, linastahili adhabu kubwa kuliko zote. Kama wameshindwa kuiandika aya hiyo, wasimpelekee bosi barua asaini.